Wimbo wa Mwisho Kabla Korosho Hazijaisha

Bwanaheri wa Likombe ni fundi bomba, na ukitaka kujua ni fundi wa namna gani, waulize watu wa Chuno. Watakwambia ni mzuri sana, ila ukimwita asubuhi atakuja jioni, na akija atakuja anapiga mluzi. Mluzi wenyewe hauna mwisho. Anaunga mpira, anafunga koki, anazunguka nyuma ya nyumba kutafuta panapovuja, na muda wote huo midomo imechongoka kama ndege anayekunywa maji. Mwenye nyumba akimwambia, "Fundi, mbona pale bado panatoka maji," yeye anainua mkono, maana yake subiri kwanza huu ubeti uishe.

Hiyo ni kwa sababu huyu bwana, kabla ya spana, alikuwa na saksafoni. Bado anayo. Alikuwa akipuliza kwenye bendi ya dansi enzi zile watu wa Mtwara wanapiga pasi suruali mara mbili kwa ajili ya Jumamosi. Bendi ikafa kama zinavyokufa bendi. Mpiga gita akahamia Dar akawa dalali wa viwanja. Mpiga dramu alikwenda Hija, akarudi hataki hata kusikia debe likigongwa. Mwimbaji akaoa mwanamke asiyependa kelele, na hapo basi tena. Bwanaheri akabaki na chombo chake, akakifunga kwenye shuka, akakiweka juu ya kabati, akawa anakishusha harusi zikimwita.

Sasa, watu wakifika umri wa Bwanaheri kila mmoja ana lake moyoni. Kuna anayetaka kuezeka, kuna anayetaka mke wa pili na hana ubavu wa kumwambia wa kwanza. Bwanaheri alitaka albamu. Albamu yenye jina lake mbele, na humo ndani asipige dansi tena, apige jazi iliyochanganywa na R&B. Majirani walipomuuliza hicho ni chakula gani, alikuwa akieleza hivi: jazi ni mtu anayetembea njiani akiongea peke yake, R&B ni mtu anayemnong'oneza mwenzake sikioni. Yeye anataka hao wawili wakutane njia moja.

Haya mambo aliyatoa kwenye kaseti. Zamani alimtengenezea tangi injinia mmoja mgeni, na injinia alipoondoka akamwachia kaseti. Upande wa kwanza ni saksafoni zinahangaika kama zimepoteza funguo. Upande wa pili mwanamume analia taratibu, anamwomba mkewe msamaha kwa Kiingereza. Bwanaheri Kiingereza cha aina ile hakijui, lakini kumwomba mke msamaha anakujua vizuri. Alizisikiliza pande zote mbili mpaka utepe ukalegea na yule mwanamume akaanza kuomba msamaha kwa sauti ya babu yake.

Mtu wa kwanza kumwambia inawezekana alikuwa Asadi. Asadi ni Mmakua wa Masasi, anapiga kinanda, anapiga picha za harusi, na ana kompyuta ya kurekodia. Kwa kuwa yeye ni Mmakua na Bwanaheri ni Mmakonde, wao ni watani, na mtani hana adabu. Alipoletewa habari ya albamu alisema, "Mtani, Mmakonde na jazi wapi na wapi? Wewe si uchonge kinyago?" Bwanaheri akamjibu, "Nitachonga chako, nikose mahali pa kuweka masikio." Wakakubaliana waanze wiki ileile.

Tatizo lilikuwa chumba. Asadi akazunguka nyumba nzima ya Bwanaheri anapiga makofi, kofi moja kila chumba, anasikiliza. Sebuleni kofi likarudi. Chumba cha kulala likarudi, na Mwasiti, mke wa Bwanaheri, akauliza kutoka uani nani anapiga makofi chumbani kwake na amefurahia nini. Ndipo Asadi akafungua mlango wa stoo.

Stoo ni ya Mwasiti. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha kina mama wanaobangua korosho, na humo ndani kulikuwa na magunia ya korosho ghafi kuta zote nne, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, katikati pamebaki nafasi ya mkeka. Asadi akapiga kofi. Likafa palepale mkononi mwake, halikurudi hata kidogo.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini kama yuko msikitini, "hapa ndipo."

"Hapo ndipo nini?" Mwasiti alikuwa ameshafika mlangoni na upawa mkononi.

"Studio, shemeji. Magunia yanameza sauti. Hata Dar hawana chumba kama hiki."

Mwasiti aliwatazama wote wawili, watu wazima wenye mvi, wamesimama katikati ya korosho zake wanatabasamu kama wali waliotoka jandoni. Akasema sawa, waingie, ila wakumbuke kitu kimoja. "Hayo si mapambo. Ni kazi. Tukifika kubangua gunia, linatoka."

"Halina neno, mama," akasema Bwanaheri, haraka, kama mwanamume ambaye hajasikiliza.

Basi wakaanza. Wimbo wa kwanza walirekodi magunia yakiwa yamegusa bati, na mpaka leo ukiusikiliza unaona kama mtu amekaa nawe kitanda kimoja anakuambia siri. Adhana ikiadhiniwa wanazima maiki, wanakwenda kuswali, wanarudi. Mluzi wote wa miaka mingi wa nyuma ya nyumba za watu ulikuwa unapata mahali pa kukaa. Ila kila wakimaliza wimbo mmoja, wakirudi kwa mwingine, ukuta umeshuka. Uani kina mama wanakaanga, wanagonga, wanamenya. Studio inabanguliwa. Kufika wimbo wa saba, ukuta wa mashariki ulikuwa umekwisha kabisa, na Asadi alikuwa ameazima mablanketi ya nyumba tatu na godoro moja ambalo mwenyewe hakuambiwa.

Ukabaki wimbo mmoja. Na huo ndio ulioleta albamu yote.

Bwanaheri alikuwa na dada, Rukia. Kwao Nanyamba, wakiwa vijana, yeye alikuwa anajifunzia saksafoni nyuma ya nyumba, na Rukia anakaa pale na beseni anamenya mihogo. Siku moja Bwanaheri akatunga muziki wa taratibu, hauna maneno. Rukia hakusema mzuri wala mbaya. Alichofanya ni kwamba kila kaka yake alipokata kuvuta pumzi, yeye aliguna kidogo, "mm, mm-hm," akaziba lile pengo, huku kisu kinakwenda. Wakawa hivyo jioni nyingi. Mama yao alikuwa akipita anamwambia Rukia, "Menya taratibu, utajikata," basi wimbo ukaitwa hivyo, Menya Taratibu. Bendi iliukataa, walisema wimbo wa hivi watu watakaa chini. Bwanaheri alimwambia dada yake, usijali, mimi nitaurekodi. Akamwambia akiwa kijana, akamwambia akiwa na mvi, na akamwambia tena mara ya mwisho Rukia akiwa amelazwa, naye Rukia akamwambia, "Wewe kila siku nitaurekodi, nitaurekodi, kama mabomba ya watu." Akafariki bila kuusikia.

Rukia aliacha binti, Zulfa. Zulfa ana saluni Chuno na ana sauti inayofanya wateja waje kusukwa hata nywele zikiwa bado nzuri. Huyo R&B anaijua toka tumboni. Nyimbo nyingine zote kwenye albamu aliitikia tu huku na kule, lakini huu wa mama yake aliuandikia maneno, na alitaka auimbe yeye toka mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo walipokwama. Walikuwa wameujaribu na kuuacha, wakaujaribu na kuuacha.

"Mjomba," alisema Zulfa mara ya mwisho, amevua vile vitu vya kusikilizia masikioni, "nikifungua mdomo tu, wewe umeshafika."

"Nakusindikiza, mwanangu."

"Unanisindikiza umetangulia mbele?"

Asadi akacheka mpaka akalalia kinanda. Bwanaheri hakucheka. Alizoea bendi, na kwenye bendi ukiona nafasi unaingia, usipoingia ataingia mpiga tarumbeta. Akasema watajaribu tena. Zulfa akasema atajaribu akiachiwa mahali pa kuimba, la sivyo mjomba auimbe mwenyewe na hiyo saksafoni yake. Akaenda zake saluni, ana bibi harusi anamsubiri.

Wakati huohuo mteja wa Mwasiti wa Dar akapiga simu. Gari litakuja Jumamosi mchana, korosho zote ziwe tayari. Mwasiti akawaita wenzake wote. Bwanaheri alipoingia stoo Jumatano asubuhi alikuta umebaki ukuta mmoja na nusu. Akapiga kofi. Likarudi. Likarudi vizuri kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa.

Mtu mwingine angemwendea mkewe akamwambia hivi na hivi. Bwanaheri akafikiria njia nyingine, ya kiume, maana yake mbaya. Aliona awacheleweshe. Akachukua kigoda na saksafoni yake, akaenda kukaa uani katikati ya kina mama, akaanza kuwapigia stori.

Stori anazo. Akawapigia ya mpiga gita aliyepanda jukwaani na kobazi za imamu. Akawapigia ya mwanamke wa Mikindani aliyemtuma atengeneze bomba ambalo halijaharibika ili mumewe aone wivu. Mikono ikasimama. Asia, ambaye ni shangazi wa kila mtu pale na mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, alikuwa anafuta machozi kwa upande wa kanga. Husna alishikilia korosho moja toka mwanzo wa stori mpaka mwisho bila kuigonga.

Mwasiti akainua kichwa, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Faraji. Umekuja kusaidia au umekuja kuchelewesha?"

"Kusaidia, mama. Kuwachangamsha."

"Basi saidia." Akamtupia kigongo na jiwe, akamsukumia rundo la zilizokaangwa. "Na majivu haya hapa, paka mikono."

"Majivu ya nini? Mimi nimezaliwa Nanyamba. Nimebangua korosho kabla sijaota meno."

Kwa asiyejua: ganda la korosho lina mafuta, na hayo mafuta yanababua ngozi kama maji ya moto. Hata ukizikaanga vipi, yanabaki. Ndiyo maana kina mama wanapaka majivu, na mtoto wa Mtwara kitu cha kwanza anachofundishwa, kabla ya shikamoo, ni kwamba ukibangua usijishike uso. Bwanaheri alikuwa anayajua yote hayo. Ila alikuwa anataka sifa, akawa anagonga kwa kasi, ganda huku kokwa kule, vidole vinang'aa, na kina mama wanampigia vigelegele vya kejeli. Ule mpango wa kuchelewesha ulikuwa umekufa zamani. Alimaliza rundo zima.

Simu ikalia. Ni Asadi, anataka asikie sauti ya stoo ilivyo sasa, mtani wake apulize kidogo tu. Bwanaheri akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua saksafoni. Sasa saksafoni ina kibanzi chembamba cha tete kinachofungwa pale pa kuwekea mdomo, ndicho kinachotetemeka kikatoa sauti, na kibanzi hicho hakilii kikiwa kikavu. Lazima ukilowanishe. Basi Bwanaheri akakishika kwa vidole vyake vile vile, akakitia mdomoni, akawa anakinyonya na kukigeuza upande huu na upande huu kama mtu anayekula muwa, huku anamwambia Asadi, "Mm. Mm. Naja."

Usiku midomo iliwasha. Asubuhi midomo ilikuwa imevimba, inamtangulia kila anapokwenda. Alipojitazama kwenye kioo aliona mdomo wa chini umeshuka kama kibaraza, una malengelenge, na pembeni una weusi ule ambao kila mtu wa kusini anaujua ulikotoka.

"Nyuki," aliwaambia kina mama alipotoka uani kunawa.

Asia akaacha kazi akasogea kumtazama kwa karibu, mikono kiunoni. "Nyuki?"

"Nyuki."

"Nyuki gani huyo, anauma na kuacha weusi wa ganda? Jamani njooni muone! Ntu nzima, ntu wa Nanyamba, kababuliwa nkorosho! Si kababuliwa nkono, kababuliwa ndomo! Kwani ulikuwa unazibangua kwa meno?"

Hakuna aliyefanya kazi nusu saa nzima. Kama Bwanaheri angejua kwamba ndiyo njia ya kuwachelewesha, asingehangaika na stori. Kufikia mchana habari ilikuwa imefika Chuno, na jioni Asadi akaja na mfuko wa korosho kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. "Mtani, nimekuletea matunda," akasema.

Alhamisi nzima na Ijumaa hakuweza kupuliza. Alijaribu mara moja, machozi yakamtoka, saksafoni ikatoa sauti ya mlango. Baada ya swala ya Ijumaa alirudi akakaa stoo, kwenye sakafu tupu, mgongo ameegemeza kwenye magunia machache yaliyobaki, na hata hayo yalikuwa yakitolewa moja moja mbele yake. Hakupiga mluzi. Nyumba ilisikika ngeni.

Mwasiti aliingia na kikombe cha mafuta ya nazi, akakaa, akaanza kumpaka mdomo kwa kidole, taratibu, kama anampaka mtoto.

"Nikuulize," akasema. "Jumatano ulikuja kutuchelewesha kwa nini?"

"Nani kasema nili..."

"Usiongee, unanivurugia mafuta. Ulikuja kutuchelewesha kwa nini?"

Akangoja kidole kiondoke. "Wimbo wa Rukia haujarekodiwa. Magunia yakiisha, chumba kinalia kama bafu. Asadi anasema nyimbo saba zitakuwa ndani ya nyumba na mmoja utakuwa nje."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Msibangue? Mteja atakula saksafoni?"

Mwasiti akafuta kidole kwenye kanga. Rukia alikuwa wifi yake, na walikuwa mawifi wanaopendana, jambo ambalo si la kila nyumba. Walikuwa wakimsema Bwanaheri pamoja, na hilo linajenga urafiki mkubwa. Akafunika kikombe. "Korosho siwezi kuacha," akasema. "Kesho mchana gari linakuja." Akatoka, na Bwanaheri akasikia magunia ya mwisho yakiburutwa.

Jumamosi asubuhi, korosho zikiwa zimeshafungwa na kupangwa barazani, Mwasiti alimpigia simu Zulfa aje. Akampigia Asadi. Halafu akawaambia wenzake, badala ya kwenda nyumbani, waingie stoo wote.

"Kufanya nini?" akauliza Husna.

"Kukaa."

Wakatundika magunia matupu ukutani kwa misumari ya Bwanaheri. Chini yake wakakaa wenyewe, kuta zote nne, mgongo kwenye ukuta, kanga mbili mbili, kina mama wa kubangua, na tuseme ukweli, si wembamba. Katikati pakabaki nafasi ya mkeka kama siku ya kwanza. Asadi akaingia, akasimama, akapiga kofi.

Likafa.

"Shemeji," akasema, "huu ukuta unapumua."

"Utapumua kimya," akasema Mwasiti. "Asia, umesikia?"

"Mbona unantaja mimi tu?"

"Kwa sababu umeshaongea."

Bwanaheri alikuwa amesimama mlangoni na saksafoni yake. Midomo bado mibovu. Kibanzi kipya, mikono imeoshwa kwa sabuni mpaka imekunjamana, na kina mama waliikagua mikono yenyewe kwanza, kila mmoja, wanainusa. Alimwambia Zulfa, kwa aibu, "Mwanangu, leo mimi sina mdomo. Sijui nitaweza kiasi gani."

"Weza kidogo, mjomba," akasema Zulfa. "Kidogo kinanitosha."

Wakaanza. Asadi akaweka kinanda chini kabisa, kama mtu anayetembea peku ndani ya nyumba ya watu. Bwanaheri akapuliza sauti ya kwanza, ikauma. Ya pili ikauma zaidi. Ya tatu, ile ambayo siku zote alikuwa anaikimbilia, aliiacha ipite, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Na hapo penye ile nafasi Zulfa akaingia. Aliingia bila haraka, maneno yake ni ya beseni na kisu na mihogo, na jioni, na mtu anayeambiwa amenye taratibu. Bwanaheri akangoja. Alipoona maumivu yamepungua, akaweka sauti moja, ndefu, nyembamba, akanyamaza tena. Hakuwahi katika maisha yake kunyamaza hivyo na saksafoni mdomoni. Alikuwa anausikia wimbo wake kama wa mtu mwingine.

Karibu na mwisho pana pengo moja refu. Yeye alikuwa anahema, Zulfa amemaliza mstari, kinanda kimesimama. Na kwenye lile pengo, kutoka ukutani, mtu akaguna. "Mm. Mm-hm." Kidogo tu, hivi hivi, kama mtu ambaye mikono yake ina kazi.

Macho ya wote yakahama. Asadi akainua mkono kusimamisha, mkono ukabaki hewani, akaushusha. Zulfa alifumba macho akaendelea. Bwanaheri hakugeuka kumtazama aliyeguna. Aliweka midomo yake mibovu mahali pake, akapuliza sauti ya mwisho, ikatoka na mkwaruzo kidogo, basi.

Halafu Asia, ambaye alikuwa amebana pumzi tangu mwanzo, akalipuka, "Yalaa! Nani kaguna? Mimi nimenyamaza, mwenzangu kaguna!"

Wote wakamtazama Mwasiti.

"Mimi?" akasema Mwasiti, anainuka, anakung'uta kanga. "Mimi nilikuwa nasafisha koo. Gari limekuja hilo, twendeni."

Gari lilikuwa limekuja kweli, dereva anapiga honi.

Asadi alisema ule mguno anaweza kuufuta, ni dakika moja tu. Zulfa akamwambia akijaribu atamnyoa nusu kichwa. Ukabaki.

Lakini Bwanaheri ni fundi, na fundi akiona kazi yake ya zamani mkono unamwasha. Midomo ilipopona, weusi umebaki pembeni tu kama wanja, alimwita Asadi kimya kimya siku Mwasiti amekwenda sokoni. Akasema arudie sehemu yake, sasa ana mdomo. Wakaingia stoo tupu. Akapiga. Akapiga vizuri, lazima isemwe, sauti zinapanda na kushuka, hakuna mahali pametulia, mpaka Asadi akavua kofia. Walipomaliza wakakuta Mwasiti amesimama mlangoni na kikapu cha dagaa.

"Inalia kama bafu," akasema Asadi.

"Hilo la bafu mimi silijui," akasema Mwasiti. "Ila wifi yangu hapo ataimba wapi? Wewe kila tundu ukiliona unadhani linavuja."

Akaenda jikoni na dagaa wake. Bwanaheri akabaki anachezea vitufe vya saksafoni, vinagonga tu, havitoi sauti. Baadaye akamwambia Asadi, "Futa."

"Ule wa Jumamosi?"

"Huu. Mmakua wewe, masikio yako ya nini?"

Albamu ikatoka, maana yake Asadi aliituma kwenye simu za watu na kwenye redio moja ya hapa hapa. Mtwara haikusimama. Kuna waliosema nzuri, kuna waliosema inafaa kulalia, na bwana mmoja wa Mikindani aliuliza mbona mwishoni kuna mama anaguna, ni ng'ombe? Mwasiti akitajiwa hilo anaondoka mahali.

Juzi Bwanaheri aliitwa saluni Chuno, sinki la kuoshea nywele linadondoka. Aliitwa asubuhi, akafika jioni. Zulfa alikuwa anamsuka mteja, mwanamke mgeni tu, hamjui mtu, ameinamisha kichwa anachezea simu. Kwenye spika ukaanza Menya Taratibu. Bwanaheri alikuwa ameshalala chini ya sinki na spana yake, amelishika bomba, kazi yenyewe ni ya kuzungusha mara mbili imekwisha.

Wimbo ukafika kwenye pengo la kwanza. Yule mteja, bila kuinua kichwa, akaguna. "Mm."

Zulfa akasimamisha vidole. Akainama kidogo akatazama chini ya sinki. Mjomba wake alikuwa ameondoa spana kwenye bomba, ameiweka kifuani, anasikiliza. Maji yakawa yanadondoka, tone, tone, kwenye ndoo, na fundi hayashughulikii, mpaka wimbo ulipokwisha.